Ujuzi wa Kurudi Nyuma, na Nani Aumiliki

Mwezi wa Aprili mwaka 2025 kulizuka zogo kubwa katika ulimwengu wa michezo ya mapigano ya video. Magazeti mengi hayakulishughulikia, wala sioni ajabu, kwani wengi wetu tulio katika kazi hii ni watu wa makamo, na mchezo wa video kwetu sisi ni kelele zitokazo chumba cha watoto. Kampuni ya Bandai Namco ya Tokyo, ambayo ndiyo mwenye mchezo uitwao Tekken, ilitoa marekebisho ya toleo la nane la mchezo huo. Kwa usiku mmoja mapigo mengi yakazidishwa nguvu, na mwenye kushambulia akapata wasaa zaidi ya aliokuwa nao. Wachezaji walilalamika, tena si watoto watupu. Hata wale walioajiriwa kwa kazi hiyo na kulipwa mshahara walipaza sauti, na watu kwa maelfu wakaandika maneno ya kuulaani mchezo pale pale unapouzwa. Mwezi haukwisha kabla kampuni haijalazimika kutoa marekebisho ya marekebisho.

Nimelifuatia jambo hili kwa sababu moja. Malalamiko yenyewe hayakuhusu rangi wala sura za wapiganaji, wala bei. Yalihusu kurudi nyuma. Watu waliotumia miaka wakijifunza namna ya kurudi nyuma kwa ustadi walihisi kwamba ujuzi wao umepunguzwa thamani na watu wasiowajua, bila ya wao kuulizwa. Hilo si jambo la watoto. Fundi yeyote aliyepata kuambiwa kwamba ufundi wake hautakiwi tena analijua.

Yafaa kwanza nieleze ujuzi huo ni upi, maana wazee wengi huona vidole vinavyokimbia tu.

Tekken ni mchezo wa watu wawili wanaopigana ngumi na mateke katika kiwambo. Ulitoka mwaka 1994 katika mashine za kutia sarafu, kisha ukaingia majumbani kwa mtambo wa PlayStation. Kiwambo hubadilisha picha mara 60 kwa kila sekunde, na ngumi iliyo nyepesi kuliko zote huhitaji picha 10 tu kufika, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Jicho likiona, ngumi imekwisha kutua. Basi mchezaji mwerevu hangoji kuiona. Hukaa pale ambapo ngumi haifiki, hatua moja nje ya mkono wa adui, na adui akikosa humpiga wakati mkono wake bado uko hewani. Mchezo wote umo katika hatua hiyo moja.

Ukibonyeza mshale wa nyuma mara mbili kwa upesi, mpiganaji wako huchupa nyuma mara moja. Lakini akishachupa, mwili wake hutaka kutulia kabla haujakubali kuchupa tena, na ukikazana kubonyeza nyuma, nyuma, nyuma, hapatikani kitu. Hapo ndipo pana siri. Kabla mwili haujatulia, kidole hushuka kwenye pembe iliyo baina ya mshale wa chini na mshale wa nyuma, kama kwamba mpiganaji anataka kuchutama. Kule kutaka kuchutama hukikata kile kituo cha mchupo. Kidole hurudi nyuma, huachia kwa kitambo kisichohesabika, hubonyeza nyuma tena, na mchupo wa pili huzaliwa ndani ya ule wa kwanza. Kisha pembeni, kisha nyuma, achia, nyuma. Akijua mtu kuyafululiza hayo, mpiganaji wake huteleza kurudi nyuma kama ngalawa iliyopata upepo, na adui hajui apige wapi.

Wachezaji duniani huuita mrudi wa Kikorea, kwa kuwa wachezaji wa Korea ya Kusini ndio waliosifika nao tangu siku za kumbi za mashine za sarafu mjini Seoul. Vijana wetu hutumia herufi tatu tu, KBD. Mtu anayeitwa Knee, jina lake la nyumbani Bae Jae-min, ndiye aliyekuwa kama sheikh wa mwendo huo kwa miaka mingi. Watu hutazama picha za mechi zake si kwa kuona anavyopiga, bali kwa kuona anavyokosesha watu kupiga.

Kuueleza ni sentensi tatu. Kuupata ni kazi ya miezi, na kwa wengi ni ya miaka. Niliwahi kukaa jioni moja katika chumba cha gemu kimoja hapa Mombasa, mlango wa pili kutoka kwa muuza kahawa, nikamtazama kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane akijizoeza peke yake. Hakuwa na adui. Alimweka mpiganaji wa pili asimame tu kama gogo, naye akawa anakwenda nyuma, anakwenda mbele, anakwenda nyuma. Nilihesabu dakika arubaini bila ya kupiga hata ngumi moja. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na sugu ya rangi ya kahawia, mahali pale panapogusana na mshale wa chini. Nikamwuliza, "Mwanangu, huchoki?" Akanijibu bila ya kuniangalia, "Mzee, upande wa kulia nimeuweza. Huu wa kushoto ndio unaonikataa."

Jibu hilo sikulifahamu mara moja, na ilinibidi nielezwe. Wapiganaji hubadilishana pande. Leo wewe uko kushoto mwa kiwambo na nyuma yako ni mshale wa kushoto, kesho uko kulia na nyuma yako ni mshale wa kulia. Harakati ni ile ile, lakini kwa kidole gumba ni lugha mbili tofauti. Wengi huwa mahiri wa upande mmoja na vilema wa upande wa pili, na adui mjuzi akilijua hilo atafanya kila hila akuhamishe. Ndiyo maana mwenye kutaka kufika mbali hujizoeza kwa mpango. Huanza polepole kabisa, mchupo mmoja na kukata, mpaka kidole kikariri. Kisha miwili, kisha mitatu. Akishaweza bila ya kuangalia mkono, huanza upya huku macho yakimtazama adui, na hapo hugundua kwamba alichokuwa akikiweza hakiwezi tena, kwa kuwa akili imegawika. Kosa la kawaida ni kukawia kwenye ile pembe ya chini, mpiganaji akachutama kweli na kupigwa kichwani. Kosa la pili ni papara, kidole kikaruka pembe, mchupo wa pili usije, na mtu akabaki amesimama wazi.

Nilipotoka pale niliandika ubeti huu pembeni mwa daftari, nao haujapata mwenzake mpaka leo:

Kurudi nyuma si woga, kwa ajuaye kupima,
Ni mtego autega, adui apate zama,
Ngumi hewa ikipiga, na mwenyewe kuinama,
Ndipo hulipa gharama, ya haraka na papara.

Wazee wa Lamu wanaoujua mchezo wa kirumbizi hawatahitaji kufafanuliwa zaidi. Katika kirumbizi, zumari likilia na fimbo zikiinuliwa, anayeshangiliwa na wazee si yule anayerusha fimbo nyingi. Ni yule anayejua kuipisha fimbo ya mwenzake kwa inchi moja, miguu yake ikiwa imekwisha rudi kabla mkono wa mwenzake haujashuka. Vijana wanaocheza kwa nguvu nyingi hupewa makofi na vijana wenzao. Wazee hunyamaza, wakangoja.

Mtu ataniuliza, huo ujuzi wa vidole umemfaa nani? Swali hili husemwa na kila mzazi, nami silidharau. Jibu lake zuri kuliko yote limetoka Pakistani.

Mpaka mwanzo wa mwaka 2019 watu waliouongoza mchezo wa Tekken walikuwa Wakorea na Wajapani, na wengine wachache. Pakistani haikutajwa. Mwezi wa Februari mwaka huo kijana wa Lahore aitwaye Arslan Siddique, kwa jina la mchezo Arslan Ash, alikwenda Fukuoka, Japani, kushindana katika mashindano ya Evo ya nchi hiyo. Safari yake ilikuwa ya taabu za viza na za kubadilisha ndege, na yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba fedha zake za rupia zilikataliwa kubadilishwa njiani, akakaa na njaa ilhali ana pesa mfukoni. Kila Mswahili aliyepata kusafiri na pasi ya nchi maskini anaijua safari hiyo bila ya kuhadithiwa. Alifika amechoka, akacheza, akashinda mashindano yote. Na alipopewa nafasi ya kusema, aliwaambia watu kwamba kwao Pakistani wako wengine kama yeye.

Walimwengu walidhani ni maneno ya furaha. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo alikwenda Las Vegas katika Evo ile kubwa, na katika fainali akamkuta Knee, akamshinda. Knee naye alifanya jambo ambalo mimi humheshimu kwalo zaidi ya vikombe vyake vyote: mwaka huo huo wa 2019 alifunga safari hadi Pakistani kwenda kuona kwa macho yake. Huko alionja kushindwa na watu ambao hakuna mtu wa nje aliyepata kuyasikia majina yao. Mwezi wa Februari mwaka 2023 mmoja wa Wapakistani hao, Atif Butt, alitwaa ubingwa wa dunia wa mzunguko wa Tekken mjini Amsterdam.

Watu hawa walijifunzaje? Hawakuwa na mashindano makubwa wala wadhamini. Walikuwa na vyumba vya gemu vya mitaani, wamekaa bega kwa bega, mwaka baada ya mwaka, wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Arslan mwenyewe alitokea katika mchezo mwingine, King of Fighters, ambao mashine zake zilipendwa sana katika mitaa ya Pakistani, kisha akahamia Tekken. Kinachotajwa na kila anayemchambua ni mwendo wake. Hurudi nyuma, huchepuka pembeni, hukosesha, halafu hupiga pigo moja lenye kulipa. Yaani fedha ya kwanza aliyoileta nyumbani aliipata kwa miguu ya mpiganaji wake kuliko kwa ngumi zake.

Hapa kwetu mlango huo umefunguliwa kidogo tu. Mwaka 2018 binti wa Kikenya, Sylvia Gathoni, ambaye wachezaji humjua kwa jina la Queen Arrow, aliingia katika timu ya ng'ambo, naye Tekken ni mmoja katika michezo yake. Vijana wa Mombasa na Malindi wana macho na vidole kama vya vijana wa Lahore. Wanachokosa ni mtu wa kucheza naye aliye bora kuliko wao. Wakitafuta katika intaneti adui wa Ulaya au wa Ghuba, umbali hula zile picha 10 nilizozitaja, na kijana aliyerudi nyuma kwa wakati huambiwa na mashine kwamba amekawia. Ujuzi wenye kutegemea sehemu ya sita ya sekunde hauvuki bahari kwa salama. Ndiyo maana nawaambia wenye vyumba vya gemu kwamba kiti cha pili kando ya kile cha kwanza kina faida kuliko waya wa intaneti wa kasi, na wakiweza kuwakusanya vijana wa mitaa mitatu au minne kila wiki mahali pamoja watakuwa wamefanya kile walichofanya watu wa Lahore.

Sasa nirudi kwenye lile zogo la Aprili, kwani ndipo penye mashaka.

Tekken ya nane ilitoka tarehe 26 Januari mwaka 2024, na waliouunda walitangaza wazi tangu mwanzo kwamba wanataka mchezo wa kushambulia. Wakaweka hali ya joto, ambayo mpiganaji akiingia ndani yake mapigo yake humuumiza hata mtu aliyejikinga, na huweza kumkimbilia adui na kulifuta lile pengo alilolitengeneza kwa kurudi nyuma. Tena viwanja vingi vina kuta, na anayerudi nyuma mwisho hugusa ukuta. Sababu yao si ngumu kuifahamu. Mchezo ni biashara. Mtu mpya anayenunua leo hataki kukaa miezi akifunza kidole gumba, anataka kupiga kitu kivunjike. Na mtazamaji katika ukumbi hupiga kelele kwa pigo, hapigi kelele kwa pigo lililokosa. Fedha zimeingia kwa wingi katika mambo haya: katika Kombe la Dunia la Michezo ya Elektroniki lililofanywa Riyadh mwaka 2024, zawadi za michezo yote zilipita dola milioni 60. Tekken ilikuwamo, na akashinda Mkorea aitwaye Ulsan. Fedha za namna hiyo hutaka zogo na vumbi.

Kwa hivyo mwaka 2025 wengi walitaraji kwamba mizani itasawazishwa na mwenye kujihami apewe chake. Wakaletewa kinyume. Hapo ndipo yule kijana wa dakika arubaini, na maelfu wenzake walioko Seoul na Lahore, walipoambiwa kwa vitendo kwamba ujuzi wao ni wa nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba anaweza kubadili kufuli usiku.

Na hii ndiyo tofauti kubwa baina ya mchezo huu na michezo ya asili, ambayo sikuiona ikisemwa vya kutosha. Kirumbizi hakina mwenyewe. Hakuna ofisi mjini Lamu iwezayo kuamuru kwamba kuanzia kesho fimbo itakuwa ndefu zaidi na kuepa kutakuwa na faida ndogo. Mchezo ukibadilika, hubadilika kwa sababu wachezaji wameubadilisha kwa mikono yao, polepole, na mzee aliyejifunza zamani bado ana la kufundisha. Bao ni vivyo hivyo, na mpira wa miguu pia, japokuwa una wakubwa wake wengi. Lakini katika mchezo wa video sheria na uwanja na mwili wa mpiganaji ni mali ya kampuni moja. Kijana amiliki nini? Amiliki kidole chake, na ile subira iliyokifunza kidole.

Wako wanaosema kwamba hilo halina madhara, kwa sababu mjuzi hubaki mjuzi. Wana hoja yenye uzito. Arslan Ash alishinda Evo ya Las Vegas mwaka 2023 katika Tekken ya saba, akaishinda tena mwaka 2024 katika Tekken ya nane, mchezo wa mashambulizi. Na mwezi wa Agosti mwaka 2025, miezi minne tu baada ya yale marekebisho yaliyolalamikiwa, akashinda mara nyingine. Mtu wa kurudi nyuma ameshinda katika nyumba iliyojengwa kwa wenye kwenda mbele. Aliyezoea kuipima hatua moja huipima hata uwanja ukifupishwa, kwa kuwa katika miaka ile ya mazoezi alijifunza pia kumsoma mtu, na mtu habadilishwi na kampuni.

Lakini Arslan ni mmoja, na hoja inayomtegemea mmoja ni kama dau lenye ubao mmoja. Yeye ana mshahara na wadhamini, na saa nzima za siku za kujifunza upya kila yanapotoka marekebisho. Kijana wa chumba cha gemu hulipa kwa dakika. Kila sheria inapobadilishwa, yeye hulipa upya kujifunza alichokwisha kukilipia. Tukitaka kuwa waadilifu, tusimuulize tu mtoto kwa nini anapoteza wakati wake. Tuwaulize na wenye mchezo kwa nini wanaufanya wakati huo upotee.

Naam, wachezaji wa Aprili 2025 waliuliza, wakasikilizwa nusu. Hilo pekee ni jambo jipya. Ni nadra mnunuzi kuiambia kampuni, bidhaa hii mmeifanya rahisi mno, turudishieni ugumu wake.

Katika vyumba vingi vya gemu vya mwambao ungali unaona mitambo ya zamani ya PlayStation ya pili, na ndani yake sahani ya Tekken Tag ya mwaka 2000, imekwaruzwa mpaka inalia inapozunguka. Sahani hiyo haijaunganishwa na intaneti, wala haitaunganishwa. Hakuna marekebisho yatakayoifikia. Mrudi wa Kikorea ndani yake ni ule ule waliousifu watu wa Seoul miaka ishirini na mitano iliyopita, pembe ile ile, kuachia kule kule, na bei ya mchezo mmoja ni ndogo kuliko ya mtambo mpya. Ila hakuna atakayekulipia nauli ya Las Vegas kwa kuuweza, na watoto wa siku hizi huukalia tu wakati kiti cha mtambo mpya kina mtu.